Baba na Mama Mbele ya Korona: Kwa Nini Hatari Yao Haikuwa Moja

Ugonjwa unaoenea kwa pumzi hauulizi mlangoni kama aliyemo ndani ni mwanamume au mwanamke. Virusi vya Korona vilipoingia Kenya, na mgonjwa wa kwanza akatangazwa tarehe 13 Machi 2020, hakuna aliyeweza kusema ni nani katika nyumba atakayeumia zaidi. Lakini muda si muda madaktari wa nchi nyingi walianza kuhesabu wagonjwa mahututi pamoja na watu waliokufa, nao wakaona jambo moja likijirudia: katika vitanda vya wagonjwa mahututi wanaume walikuwa wengi kupita wanawake.

Habari hiyo ilizaa maneno mengi. Wengine walisema kwamba Korona ni ugonjwa wa wanaume. Wengine walisema kwamba damu ya mwanamke ina nguvu ambayo mwanamume hakupewa. Wote hao walishika nusu ya ukweli, na katika mambo ya maradhi nusu ya ukweli yaweza kuua, kwa maana mtu akiambiwa kwamba ugonjwa si wake huacha kujilinda. Madhumuni ya makala haya ni kueleza yale yaliyopatikana kwa uchunguzi, ili kila mtu, baba kwa mama, aijue njia ambayo hatari humfikia yeye.

MAMBO MAWILI YASIYOFAA KUCHANGANYWA

Kila mfugaji anajua kwamba kuna tofauti kati ya ng'ombe kupandwa na kupe na ng'ombe kufa kwa ndigana. Ng'ombe wawili wa zizi moja, mmoja akipelekwa malisho ya mbali na mwingine akifungwa nyumbani, hawatapata kupe sawasawa. Hilo ni jambo la mahali walipokwenda. Lakini hata wakipandwa na kupe kwa idadi moja, mmoja aweza kufa na mwenzake akapona. Hilo ni jambo la nguvu za mwili wake, umri wake, na kama alitibiwa mapema.

Kwa binadamu mambo ni hayo hayo. Swali la kwanza ni hili: nani huambukizwa? Swali la pili: akisha kuambukizwa, nani huumwa sana au kufa? Watu wengi waliyachanganya maswali haya mawili na kuyafanya moja.

Mwishoni mwa mwaka 2020 wataalamu walikusanya habari za wagonjwa zaidi ya 3,000,000 kutoka nchi nyingi za dunia. Waliona kwamba wanaume walikuwa karibu nusu ya walioambukizwa, na wanawake nusu nyingine. Hapo hapakuwa na tofauti kubwa. Lakini walipotazama wale waliolazwa katika wodi za wagonjwa mahututi, waliona kwamba uwezekano wa mwanamume kufikishwa huko ulikaribia kuwa mara tatu ya ule wa mwanamke. Katika vifo pia uwezekano wa mwanamume uliuzidi ule wa mwanamke, kwa kiasi cha sehemu 39 katika kila mia. Basi kwa jumla ya dunia virusi viliwapata wote kwa wingi ulio karibu sawa, lakini viliwaangusha wanaume zaidi.

KAZI NDIYO NJIA YA UGONJWA

Hata hivyo, hesabu ya dunia nzima huficha mambo ya mahali pamoja pamoja. Mtu huambukizwa pale anapofanya kazi, anaposafiri, na anapolala. Na kwa kuwa katika nchi nyingi kazi za wanaume na za wanawake si zile zile, njia zao za kuambukizwa nazo si zile zile.

Wakenya wengi watakumbuka misururu ya malori iliyoonekana Malaba na Busia katika mwezi wa Mei 2020. Mipaka ilikuwa imefungwa kwa abiria, lakini chakula, mafuta na dawa havikuweza kusimama. Madereva wa malori, ambao karibu wote ni wanaume, walikaa njiani siku nyingi wakingoja kupimwa, wakila pamoja na kulala karibu karibu. Kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba 2020 damu za madereva na wasaidizi wao 830 zilipimwa nchini Kenya ili kutafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili huziacha katika damu ukisha kupigana na ugonjwa. Watu 42 katika kila mia walikuwa na alama hizo.

Mtu akisoma habari hiyo peke yake ataona kwamba hakika mwanamume ndiye aliyekuwa hatarini. Lakini asikilize na hii nyingine. Mwezi Agosti 2020 damu za akina mama wajawazito waliohudhuria kliniki katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, zilipimwa kwa namna hiyo hiyo. Ilionekana kwamba karibu nusu yao walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Hawa hawakuwa madereva wa safari ndefu. Walikuwa wanawake wa mjini, wanaokwenda sokoni, kazini na kuteka maji, wakirudi katika nyumba zenye watu wengi. Upande wa pwani, huko Kilifi, akina mama kama hao waliopimwa baadaye katika mwaka huo huo walikuwa na alama hizo kwa uchache sana mwanzoni, kisha idadi ikaanza kupanda.

Kwa hiyo mahali pa kuishi palikuwa na nguvu kuliko jinsia. Mwanamke wa Nairobi alikuwa karibu na virusi zaidi ya mwanamume wa kijiji kilicho mbali na barabara kuu.

Jambo hilo laonekana pia kwa watumishi wa hospitali. Kati ya Julai na Desemba 2020 watumishi 684 walipimwa katika kaunti za Nairobi, Busia na Kilifi. Katika Nairobi karibu watu 44 kwa kila mia walikuwa na alama za ugonjwa, lakini Busia na Kilifi hawakuzidi 13. Na yafaa kukumbuka kwamba Shirika la Afya Ulimwenguni limehesabu kuwa karibu watu 7 katika kila 10 wanaofanya kazi za afya na za kuwatunza watu duniani ni wanawake. Muuguzi ndiye anayemgeuza mgonjwa kitandani, anayemsafisha, na anayesimama karibu na pumzi yake kwa muda mrefu. Tena, katika nchi nyingi wauguzi wa kike walilalamika kwamba barakoa na mavazi ya kujikinga yalikuwa yamekatwa kwa kipimo cha mwili wa mwanamume. Barakoa isiyokaa sawa usoni huacha nafasi pembeni, na nafasi ndogo yatosha kupitisha hewa yenye virusi.

DAFTARI HUONYESHA YALE YALIYOANDIKWA TU

Wale wanaofanya kazi za ofisini wanajua kwamba daftari haliwezi kutoa habari ambayo haikuingizwa ndani yake. Katika miezi ya kwanza ya Korona nchini Kenya, orodha za wagonjwa waliothibitishwa zilikuwa na wanaume wengi kuliko wanawake. Lakini ni nani waliokuwa wakipimwa? Walikuwa wasafiri waliotoka ng'ambo, madereva mipakani, na watu waliokutana na hao. Vipimo vilikuwa vichache, navyo vilipelekwa palipodhaniwa kuwa na hatari. Mama aliyekohoa siku tatu nyumbani kwake, akapona, hakuandikwa popote.

Ndiyo sababu uchunguzi wa damu za akina mama wajawazito ulikuwa na maana kubwa. Damu ilisema yale ambayo daftari halikuyasema. Si kwamba makarani walikosea. Waliandika kwa uaminifu majina ya waliopimwa. Kosa lingekuwa la msomaji wa daftari, kama angeamini kwamba asiyeandikwa hakuugua.

Ndani ya nyumba

Mwezi wa Juni 2020 Serikali ya Kenya ilitoa mwongozo wa kuwatunza nyumbani wagonjwa wasiozidiwa, kwa kuwa hospitali zisingeweza kuwapokea wote. Mpango huo ulikuwa wa lazima, tena wenye busara. Lakini kila mpango wa namna hiyo una mtu anayeubeba. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni mama, au dada, au binti mkubwa. Yeye ndiye anayepika uji wa mgonjwa, anayefua shuka zake na kumwamsha usiku anywe maji.

Baba akirudi kutoka safarini na virusi, yeye aliambukizwa njiani, na mkewe ataambukizwa kwa kumuuguza. Hapo ugonjwa ni mmoja na nyumba ni moja, lakini njia ni mbili. Onyo lililofaa kwa baba, yaani apunguze safari na asikae katika gari lililojaa na kufungwa madirisha, halimsaidii mama aliye ndani ya chumba kimoja na mgonjwa. Yeye ahitaji onyo jingine: dirisha lifunguliwe, barakoa ivaliwe na mgonjwa na anayemuuguza, na mlezi awe mmoja badala ya jamaa wote kuingia na kutoka.

KUHUSU MIILI YENYEWE

Sasa yafaa kueleza kwa nini wanaume, wakisha kuambukizwa, walizidiwa zaidi. Sababu si moja.

Kila chembe ya mwili wa binadamu ina nyuzi ndogo mno zinazobeba urithi kutoka kwa wazazi, nazo huitwa kromosomu. Mwanamke ana kromosomu mbili za namna ya X. Mwanamume ana moja ya X na moja ya Y. Katika kromosomu ya X zimo sehemu kadhaa za urithi zinazoongoza askari wa mwili wanaopigana na maradhi, na mojawapo huwasaidia kutambua kwamba virusi vimeingia. Sehemu hiyo ikiwa na kasoro, mwanamke aghalabu huwa na ya pili ya kumsaidia. Mwanamume hana akiba hiyo. Mwaka 2020 madaktari wa Uholanzi waliwachunguza vijana wanne wa kiume, ndugu wawili wawili wa familia mbili, waliokuwa na afya njema kabla ya Korona lakini wakazidiwa hata kuwekewa mashine ya kupumua. Mmoja wao alikufa. Wote walionekana kuwa na kasoro katika sehemu hiyo hiyo ya urithi. Kasoro ya namna hiyo ni adimu sana. Lakini imeonyesha wazi jinsi akiba ya mwanamke inavyoweza kufaa.

Mwaka huo huo uchunguzi mwingine ulifanywa kwa wagonjwa 987 waliozidiwa mno. Kati yao, 101 walikuwa na kasoro ya ajabu: miili yao ilikuwa ikitengeneza kingamwili zinazoiangamiza interferoni, ambayo ni kama kengele ya kwanza ya mwili dhidi ya virusi. Kati ya hao 101, wanaume walikuwa 95.

Zaidi ya hayo kuna maradhi ambayo mtu anayo kabla ya Korona kumfikia. Kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo na mapafu huudhoofisha mwili. Tumbaku nayo huharibu mapafu na moyo, na hapa tofauti ya wanaume na wanawake ni kubwa. Katika hesabu iliyofanywa Kenya mwaka 2014, wanaume 19 katika kila mia walitumia tumbaku, lakini wanawake hawakufika 5. Jambo hili si la damu wala la urithi. Ni desturi, na desturi yaweza kuachwa.

MWILI PEKE YAKE HAUTOSHI KUELEZA

Mtu asije akadhani kwamba basi kila kitu kimeandikwa katika damu. Huko Marekani, katika majimbo ya Georgia na Michigan, ilionekana kwamba wanawake weusi walikufa kwa Korona kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume weupe. Kama mwili wa kike peke yake ungekuwa ngao ya kutosha, jambo hilo lisingewezekana. Kazi wanazofanya watu, nyumba wanazoishi, na urahisi wa kumwona daktari vilikuwa na uzito wake.

Katika England na Wales, watu 7,961 wenye umri wa miaka 20 hadi 64 walikufa kwa Korona kati ya tarehe 9 Machi na 28 Desemba 2020, na karibu theluthi mbili yao walikuwa wanaume. Lakini si wanaume wote waliokufa kwa kiwango kimoja. Walinzi wa majengo na madereva wa teksi walikufa kwa wingi kuliko wanaume wengi wengine wa umri wao. Na kwa upande wa wanawake, waliokuwa wakiwatunza wazee na wagonjwa walikufa kwa wingi kuliko wanawake wengi wengine. Hawa wote walikuwa watu wa kazi zisizoweza kufanyiwa nyumbani.

Kuna maradhi mengine yanayoonyesha kwamba kila ugonjwa una njia yake. Uchunguzi wa virusi vya Ukimwi uliofanywa Kenya mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanawake 66 katika kila 1,000 walikuwa navyo, lakini wanaume 31 tu. Kifua kikuu kilikwenda kinyume: uchunguzi uliokamilika mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100,000, wanaume waliougua walikuwa 809 na wanawake 359. Uchunguzi huo wa kifua kikuu ulionyesha pia kwamba wengi wa waliokuwa na dalili hawakuwa wamekwenda kutafuta matibabu.

Jambo hilo la kuchelewa ni zito. Mama humpeleka mtoto kliniki, hupimwa akiwa mjamzito, na amezoea kukaa foleni ya zahanati. Wanaume wengi huiona zahanati kuwa mahali pa wanawake na watoto, nao husema kwamba homa ni uchovu wa kazi. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Katika Korona msemo huo ulikuwa na maana yake kamili, kwa kuwa mgonjwa aliweza kupungukiwa na hewa katika damu kabla hajajisikia vibaya sana, na aliyefika hospitali amechelewa alikuwa mgumu kuokolewa.

MADHARA YA WANAWAKE YASISAHAULIWE

Kwa kuwa vifo vya wanaume vilikuwa vingi, baadhi ya watu walisahau kwamba wanawake nao walikuwa na mizigo yao. Mama mjamzito aliyeambukizwa alikuwa katika hatari ya kuhitaji wodi ya wagonjwa mahututi kuliko mwanamke wa umri wake asiye na mimba, na mtoto wake aliweza kuzaliwa kabla ya wakati. Tena, kuna watu waliopona homa lakini wakabaki na uchovu, kukosa pumzi na kusahausahau kwa miezi mingi. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba hali hiyo huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Mtu wa namna hiyo hahesabiwi katika vifo, lakini shamba lake hubaki bila kupaliliwa.

YAPASAYO KUFANYWA

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba hali ya dharura ya Korona imekwisha. Virusi havikwisha, na watu zaidi ya 5,600 walikuwa wameandikwa kuwa wamekufa kwa ugonjwa huo nchini Kenya. Ugonjwa mwingine wa kuenea kwa pumzi waweza kuja. Yafuatayo yamefunzwa na ule uliopita, nayo yafaa kushikwa.

Kwanza, kila nyumba ijiulize mapema: nani hutoka na kusafiri, na nani atauguza? Anayeuguza awe mtu mwenye afya, asiwe mzee, wala mjamzito, wala mwenye kisukari. Kama mwenye afya nyumbani ni baba au kijana wa kiume, basi yeye ndiye auguze. Kumtunza mgonjwa hakumpunguzii mwanamume heshima yake.

Pili, mwanamume asingoje. Akikosa pumzi, au kifua kikimbana, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kabla ya ugonjwa wowote kuja, apime shinikizo la damu na sukari, na aache tumbaku.

Tatu, mwenye kuajiri watu, awe wa hospitali, wa gari au wa kiwanda, atoe vifaa vya kujikinga vinavyowaenea wale watakaovivaa.

Nne, karani wa zahanati aandike umri, jinsia na kazi ya kila mgonjwa. Maneno hayo matatu hayachukui nusu ya mstari, lakini bila hayo hakuna awezaye kujua baadaye ugonjwa ulipita wapi.

Tano, chanjo ikiwapo, wote waipokee kwa utaratibu uliowekwa. Chanjo za kwanza za Korona zilifika Kenya mwezi wa Machi 2021, na watumishi wa afya walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuchanjwa. Mwanamke asikatae kwa kudhani kwamba mwili wake unamtosha, na mwanamume asikatae kwa kudhani kwamba nguvu za mikono yake zitamlinda mapafu.

Mambo haya yote hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji mume na mke kukaa pamoja na kuzungumza kabla mgonjwa hajalala, ili kila mmoja ajue njia ya mwenzake na amsaidie kuifunga.